Kabla hujashusha gari lako, uulize mgongo wako

Enda kwenye mkusanyiko wowote wa vijana na magari yao Nairobi siku ya Jumapili, na swali la kwanza utakalosikia ni moja: "Umeishusha inchi ngapi?" Mwenye gari anajibu akitabasamu, watu wanainama kupima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya tairi na madigadi, simu zinatolewa, picha zinapigwa. Hakuna anayeuliza, "Na Jumatatu asubuhi inakubeba aje?"

Hilo la pili ndilo swali langu leo. Gari likishatoka kwenye picha linarudi Umoja, Kahawa West, Rongai ama Utawala. Linapita matuta kadhaa kabla lifike barabara kuu. Linampeleka mathe kliniki, linabeba wateja wa teksi ya apu, linabeba marobota ya mitumba kutoka Gikomba. Na wewe ndiwe unayekaa ndani yake saa mbili, tatu kila siku, mgongo wako ukihesabu kila shimo.

Msimamo wangu ni huu, na niuseme mapema: kama gari lako ni la kila siku, usinunue saspensheni ya kurekebishwa kwa sababu ya urefu. Nunua kwa sababu ya safari. Simaanishi safari ya Mombasa. Namaanisha zile sentimita ambazo gurudumu linaweza kupanda na kushuka kabla chuma hakijagonga mwisho. Urefu unaonekana kwa macho, safari ya gurudumu haionekani, ndiyo maana wengi wanalipia ule wa kwanza na kusahau hii ya pili.

Springi hubeba, shoku hutuliza

Mimi niliacha chuo kabla ya mwaka wa tatu, so usiogope, hesabu nitakazoleta ni za kujumlisha na kugawanya tu. Lakini kuna vitu viwili lazima uvitofautishe, la sivyo utauziwa hewa.

Kazi ya springi ni kubeba uzito. Gurudumu likipanda tuta, springi inabanwa na kuumeza ule mgongano badala ya kuupeleka moja kwa moja kwenye kiti chako. Shida ya springi ni kwamba haijui kunyamaza. Ukiibana na kuiachilia, inaendelea kucheza.

Hapo ndipo shoku inaingia. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vile vitundu, nguvu ya mchezo inageuka kuwa joto, gari linatulia. Umewahi kupanda matatu nzee ambayo ikishapita tuta inaendelea kunesa hadi steji inayofuata? Springi bado ziko. Shoku ndizo zilikufa kitambo.

Kwenye magari mengi madogo tunayoendesha, springi ya mbele tayari imeizunguka shoku. Koilova ni mpangilio uo huo, tofauti ni kwamba mwili wa shoku umekatwa nyuzi kama za bolti, na kuna ringi ya kuzungusha kwa spana yake maalum ili kikalio cha springi kipande au kishuke. Nyingi pia zina kitufe kidogo juu, ambacho ukikizungusha kinabadilisha jinsi mafuta yanavyopita. Kila mzunguko mdogo unatoa mlio, "tik", ndizo wanaita kliki.

Kwa hivyo muuzaji akikwambia "hii inarekebishika", muulize: inarekebishika nini? Kuna seti zinazobadilisha urefu pekee. Kuna zinazobadilisha ugumu wa shoku pekee, urefu ukibaki ule wa kiwandani. Kuna zinazobadilisha vyote viwili. Na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo kitufe chake kinabadilisha ugumu wa springi yenyewe.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Ndiyo inayomeza pesa za watu.

Kitufe hakilainishi springi

Springi za koilova huwa na ugumu wake umeandikwa, mara nyingi kwa kilo kwa milimita. Ukiona 3, maana yake unahitaji kilo 3 kuibana milimita moja. Ukiona 8, unahitaji kilo 8.

Tuchukue gari dogo la kawaida na tuseme kona moja ya mbele inabeba kilo 300. Springi ya 3 itabanwa milimita 100 na uzito huo. Springi ya 8 itabanwa milimita 37 na nusu pekee.

Sasa gurudumu likanyage jiwe la milimita 30. Springi ya 3 inasukuma mwili wa gari juu kwa kilo 90 za ziada. Springi ya 8 inasukuma kwa kilo 240. Jiwe ni lile lile, barabara ni ile ile, kiuno ni kile kile.

Hapo tumezungumzia tuta tu. Shimo nalo lina kesi yake. Kwenye shimo, gurudumu linatakiwa kushuka haraka lifuate lami. Kwa hesabu hii yetu rahisi, springi iliyobanwa milimita 100 ina milimita 100 za kulisukuma gurudumu chini. Iliyobanwa 37 ina 37 tu. Shimo likiwa na kina kuliko hapo, gurudumu linaning'inia hewani kwa nukta moja, halafu gari zima linaanguka ndani. Hiyo "gwaa!" unayosikia ndiyo hiyo. Na kumbuka, gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Mtu anayekwambia gari la chini hushika barabara vizuri zaidi anasema kweli kuhusu barabara laini. Ukimpeleka Mwiki baada ya mvua, hadithi inabadilika.

Sasa angalia kinachofuata. Msee anaweka springi ya 8, anaumia wiki moja, anaambiwa na marafiki, "Legeza kliki tu, buda." Analegeza hadi mwisho. Gari linakuwa baya kwa njia nyingine: springi ngumu imekosa shoku ya kuishika, kwa hivyo inaanza kurukaruka. Mbele inapiga kichwa kama mbuzi, abiria wa nyuma anashika mlango. Anakaza tena, anarudi kwenye maumivu ya kwanza. Anazunguka kitufe hadi kinachoka, kumbe tatizo liliamuliwa siku aliponunua.

Mwili wako nao una sheria zake. Binadamu aliyeketi husumbuliwa zaidi na mtikisiko wa juu-chini wa kati ya mara 4 na mara 8 kwa sekunde. Ndiyo sababu gari la kawaida la familia hutengenezwa lipande na kushuka polepole, mara moja hadi moja na nusu hivi kwa sekunde. Kwenye mfano wetu wa kilo 300, springi ya 3 inacheza kama mara moja na nusu kwa sekunde. Ile ya 8 inapita mbili na nusu. Kila unapoongeza ugumu, unausogeza mchezo wa gari karibu na pale mwili wako unapoumia zaidi.

Halafu kuna raba. Kwenye saspensheni kuna raba ya mwisho inayozuia chuma kugonga chuma. Kwenye koilova nyingi za bei ya chini, kushusha gari maana yake ni kuteremsha kikalio cha springi, na kila sentimita unayoteremsha unaikata kutoka kwenye safari ya kupanda. Ukishusha sana, gari linaketi karibu na raba muda wote. Hapo hata ungekuwa na springi bora duniani, unaendesha raba. Ndiyo maana magari mengine yaliyoshushwa huhisi kama mkokoteni hata kwenye tuta dogo la mtaani.

Wa kushusha na wa kuinua, ugonjwa mmoja

Kabla ninyi mnaoendesha magari yaliyoinuliwa hamjaanza kucheka, hebu tuongee kuhusu spesa. Hapa kwetu kuna mtindo wa pili, pengine mkubwa kuliko ule wa kushusha: unanunua Vitz, Demio ama Fielder, unapita kwa fundi kabla hata ya kupeleka nyumbani, anaweka vipande vya chuma, alumini ama plastiki ngumu juu ya shoku, gari linapanda. Naelewa. Mwenye nyumba amejenga tuta la simiti langoni lenye ukubwa wa jeneza, na sampu ya injini haiwezi kuongea ikajitetea.

Lakini spesa haiongezi safari ya shoku hata milimita moja. Shoku ni ile ile ya zamani, imesogezwa tu. Ukiinua kiasi kidogo kwa spesa zilizotengenezwa vizuri, gari linaweza kukufaa miaka mingi. Ukipita kiasi, pembe za eksli na bolijointi zinabadilika, buti za raba zinapasuka mapema, na gari lenye tumbo juu linayumba zaidi kwenye kona.

Huyu anashusha, huyu anainua, na wote wawili wanapima kitu kimoja: nafasi inayoonekana. Wote wanasahau kuuliza gurudumu lina safari kiasi gani na nani anaituliza.

Panga pesa zako hivi

Tuongee chapaa. Seti mpya ya koilova yenye jina, kama vile mtindo wa BR wa BC Racing kutoka Taiwan, huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 huko Marekani. Hata kabla ya usafiri na ushuru, hiyo ni zaidi ya laki moja pesa zetu. Kuna kijana hapo Pipeline ambaye hiyo ni kodi ya mwaka mzima. Kwa hivyo kabla hujafika huko, angalia vitu ambavyo pengine vinakutesa zaidi na ni rahisi kuliko koilova.

Kwanza, umri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka minane. Maana yake, hata gari "jipya" kutoka Mombasa linaweza kuwa na miaka saba ya kukimbia Japani. Wewe ukilinunua kutoka kwa mwenye wa tatu hapa nchini, huenda lina miaka 15. Bushi ni raba, na raba huzeeka, hupasuka, huwa ngumu. Linki za stabilaiza hulegea. Maunti ya juu ya shoku huchoka. Vitu hivi ndivyo hutoa ile "kong'o kong'o" ambayo watu huilaumu shoku. Ukiweka koilova ya laki moja juu ya bushi zilizokufa, umevaa suti mpya juu ya viatu vilivyotoboka.

Pili, tairi. Hii ndiyo saspensheni ya kwanza, na ni hewa. Tairi ya 195/65 R15 ina ukuta wa pembeni wa karibu milimita 127. Ukihamia 215/45 R17 ili rimu ionekane kubwa, ukuta unabaki kama milimita 97. Umetoa sentimita tatu za hewa kati yako na shimo, kisha unatafuta fundi akuambie kwa nini gari limekuwa gumu. Na upepo ujaze kulingana na kile kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, usimwachie kijana wa petroli akuamulie.

Tatu, shoku mpya za urefu wa kiwandani. Watu huzidharau kwa sababu hazina cha kupigia picha. Lakini shoku mpya nzuri, za kampuni kama KYB ya Japani, zinaweza kurudisha gari lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani, na wengi wetu hatujawahi kuliendesha likiwa hivyo. Na kama unataka kurekebisha, kuna shoku za umbo la kiwandani zenye kitufe. TEIN, kampuni nyingine ya Japani, ina EnduraPro Plus: urefu ni ule wa kawaida, unatumia springi zako zile zile, lakini una kliki 16 za kuchagua ugumu wa shoku, na kuna mfumo wa mafuta ndani ya shoku unaopunguza kishindo ikifika mwisho. Kama zipo za gari lako, kwa maoni yangu hiki ndicho kitu kinachofaa zaidi kwa kijana wa Nairobi anayeendesha kila siku. Gari halishuki, halipandi, linatulia tu. Hakuna atakayeinama kulipima kwa vidole. Abiria wako watalala.

Ukiamua ni koilova

Kuna wale ambao wameamua, na sitawazuia. Kuendesha gari lako lilivyo moyoni mwako ni raha yake, na jiji ambalo linapaka matatu rangi hadi zinawaka usiku haliwezi kukwambia urembo ni dhambi. Nachotaka ni ununue ukiwa na macho wazi. Haya ndiyo maswali ya kuuliza kabla M-Pesa haijatoka.

Ugumu wa springi ni kiasi gani, mbele na nyuma? Kama muuzaji hajui, hajui anachouza. Kwa gari dogo la kila siku, tafuta namba ya chini kabisa ambayo kampuni inatoa kwa gari lako. Kampuni nyingine hukubali kubadilisha springi unapoagiza, uliza.

Urefu unarekebishwaje? Kuna koilova ambazo ili kushusha lazima uteremshe kikalio cha springi. Kuna nyingine, kama Flex Z ya TEIN, ambazo mabano ya chini yanazungushwa kivyake, kwa hivyo unaweza kubadilisha urefu wa gari bila kukata safari ya shoku. Kwa barabara zetu, hiyo ya pili ndiyo ya kutafuta.

Maunti za juu ni za raba ama za chuma? Za chuma zenye kigololi ni sahihi zaidi kwa mashindano, lakini zinapeleka kila kelele ndani ya gari, na vumbi likiingia zinaanza kulia. Za raba hazina sifa mitaani ila zinanyamaza.

Zikivuja, nani atazifungua? Shoku ni kitu cha kuchakaa. Kama hakuna anayeuza oil sili zake wala kipuri chake hapa nchini, umenunua kitu cha kutumia mara moja.

Na kama unatafuta za mkono wa pili, zile za ex-Japan pale Kirinyaga Road ama Industrial Area, nenda mchana na tochi. Angalia fimbo ya shoku: ikiwa na mikwaruzo ama imepinda, wacha. Pangusa kwa kidole karibu na sili: ukipata mafuta, wacha. Sukuma fimbo ndani kwa mkono, angalia kama ugumu ni sawa kulia na kushoto. Kisha jaribu kuzungusha ringi za urefu. Sehemu za Japani zenye theluji hunyunyizia barabara chumvi, na chumvi hula nyuzi. Koilova ambayo ringi zake zimeshikana na kutu hairekebishiki tena. Ni springi ngumu iliyo na jina zuri.

Ukishaweka, shusha sentimita mbili, tatu ukizidi, halafu simama. Hakikisha bomba la breki halivutwi usukani ukikatwa hadi mwisho na waya wa ABS hausuguliwi. Peleka gari alainimenti siku hiyo hiyo, kwa sababu ukibadilisha urefu umebadilisha mwinamo wa magurudumu, na tairi itaanza kuliwa upande wa ndani ambapo huoni. Rekebisha mwanga wa taa. Na uiambie kampuni yako ya bima. Usingoje siku ya ajali ndipo mtu mwenye faili aanze kuuliza ni nani alibadilisha nini.

Jinsi ya kutafuta ugumu wako

Kitufe kina kazi yake, lakini kitumie kwa mpango. Zungusha taratibu hadi mwisho wa ugumu, usilazimishe, kisha rudi ukihesabu kliki. Anzia katikati. Kulia na kushoto ziwe sawa kila wakati. Andika namba kwenye simu.

Chagua njia moja fupi unayoijua, yenye tuta moja, kiraka kimoja kibovu na kipande cha lami nzuri. Pita kwa mwendo ule ule, upepo wa tairi ule ule. Usijaribu gari kwenye Expressway. Ile ni kilomita 27 za lami laini. Hata mkokoteni ungejisikia mrembo juu yake. Jaribu pale unapoishi.

Gari likipita tuta likaendelea kunesa mara mbili au tatu, ongeza kliki mbili. Likituliza tuta lakini vijiwe vidogo vinakutetemesha hadi meno, punguza mbili. Badilisha upande mmoja kwanza, mbele ama nyuma, usibadilishe vyote kwa pamoja, utapotea. Kisha rudia ukiwa na watu wanne ndani, kwa sababu nyuma ya gari tupu na nyuma ya gari lililojaa ni magari mawili tofauti. Kama kazi yako ni teksi, irekebishe ikiwa na watu. Wao ndio wanaoweka nyota.

Ukijaribu kila kliki na bado unaumia, acha kulaumu vidole vyako. Rudi kwenye springi.

"Lakini si ni gari yangu?"

Nimeshasikia jibu. "Bro, ni gari yangu, ni pesa zangu, mgongo ni wangu." Kweli kabisa. Mtu aliyeteseka kazini miaka mitatu kuweka deposit ana haki ya kulifurahia gari lake bila kuhubiriwa kama yuko kanisani.

Lakini angalia ni nani anakaa nalo kweli. Wale wanaopiga picha Jumapili wanaondoka na picha. Hawaji kukusaidia kununua rimu iliyopinda, hawapo usiku ukiwa umekwama kwa tuta Kayole na sampu imepasuka, mafuta yakimwagika barabarani. Hawabebi mathe anayekwambia "sijambo" huku ameshika kiuno. Wanaolibeba gari hilo ni wewe na watu wako, siku sita za wiki, na siku ya saba ndiyo ya wengine.

Na kuna jambo kubwa zaidi kwa kizazi chetu. Wengi wetu gari halikuja kama zawadi ya kuhitimu. Ni mkopo wa sacco, ni logi buku iliyo mikononi mwa mtu mwingine, ni kazi yenyewe. Gari likilala gereji siku tatu, nyumbani kuna mtu anakula chini ya alivyozoea. Ukimaliza laki moja kwenye kitu kinachofanya gari lishindwe kupita mlango wa kazi yako, hujajipamba. Umejipunguzia mshahara.

Ndiyo maana nasema starehe isichukuliwe kama kitu cha wazee. Gari lenye kutulia linashika barabara, linafunga breki vizuri kwenye lami mbovu, halichoshi dereva, haliharibu vipuri vingine haraka. Hayo yote ni pesa, na mengine ni maisha.

Kwa hivyo kabla hujalipa, fanya hivi. Tafuta mtu aliye na seti ile ile unayoitaka, kwenye gari kama lako. Mwombe akupitishe kwenye barabara ya mtaa wenu, ile unayopita kila asubuhi. Usikae mbele, na usiombe kuendesha, kwa sababu mtu aliyeshika usukani husamehe mengi. Keti kiti cha nyuma, pale ambapo abiria wako watakaa, simu iwe mfukoni, dakika kumi tu.

Na kama mwenye gari atakwambia barabara yenu hawezi kuipita na gari lake, mshukuru. Amekuokolea laki.